Siku Tisa Hatukuizima Mashine

Nyinyi vijana mnaopita kwangu hapa Kanyenye mnaniuliza jambo lilelile kila wiki, basi leo naandika, maana kifua changu siku hizi hakipendi kurudia maneno. Swali lenu nalijua. "Mzee, mashine ya gemu ikiwa na nguvu zaidi, si ndiyo gemu inakuwa bora?" Mnauliza huku mmeshajijibu. Mnataka tu mzee aseme ndiyo, mkamsumbue baba mtu nyumbani.

Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa sababu mwalimu hakutaka kuniona tena darasani kwake. Kwa hiyo msitegemee hesabu za ndani ya mashine. Nitawaambia nilichokishika kwa mikono hii, miaka ya redio kwanza, halafu miaka zaidi ya ishirini ya kuchezesha watu gemu.

Nianze na mazuri, msije mkasema mzee ana wivu. Mashine za sasa ni maajabu. Nyasi zinalala mpira ukipita. Jasho unaliona. Ile ya kwanza niliyoanza nayo, ya kijivu, ilikuwa ikishika joto haisomi CD mpaka uigeuze miguu juu. Nilikuwa naichezesha hivyo, imelala chali kama mende, na mteja mgeni akiingia anadhani mwenye banda la gemu amerukwa na akili. Lensi unaisafisha kwa pamba na spiriti, kwa mkono mwepesi; ukiikandamiza umeshaiua. Padi, ile ya kushika mkononi yenye vitufe, kitufe kikigoma unaifungua, unapaka penseli kwenye kimpira cheusi cha ndani, kinarudi kufanya kazi. Penseli hiyo imenifaa kuliko zile nilizopewa shuleni.

Ufundi nilifundishwa na Mhindi mmoja wa duka la redio mjini, Bwana Jetha. Ukimletea redio imekufa, wewe unakimbilia bisibisi, yeye anakupiga kikofi cha mkono. "Wewe Mgogo, mikono nyuma, sikio mbele!" Jumapili tulikuwa tunasikiliza mpira pale dukani kwenye redio. Goli likiingia tunagombana. Yeye anasema mpira ulipita kushoto kwa kipa, mimi nasema kulia, tunapandishiana sauti mpaka wapita njia wanasimama, na wote wawili hatujauona huo mpira. Nilikuwa naona uwanja wangu na yeye anaona wake. Sijawahi kuona mpira mzuri kama ule.

Halafu kulikuwa na gemu moja ya mtu anayetafuta nyumba yake kwenye ukungu. Ile mashine ya kijivu haikuwa na uwezo wa kuchora mbali, kwa hiyo waliotengeneza wakafunika mbali kote kwa ukungu. Hatua tano mbele huoni kitu, unasikia viatu vyake tu, na mara nyingine viatu vya mtu mwingine. Madereva wa malori ya tumbaku, watu wazima wenye wake, walikuwa hawaichezi hiyo gemu mchana bila mwenzao kukaa karibu. Miaka ikapita, ikaja mashine yenye nguvu na gemu ileile imetengenezwa upya. Ukungu umeondolewa. Unaona mti mmoja mmoja mpaka mwisho wa mji. Banda zima lilitazama kidogo, halafu mtu mmoja akasema, "Kumbe ni mitaa tu." Hakuna aliyeirudia.

Lakini hayo ni ya kuchekesha. Nililotaka kuwaambia ni la Mihayo.

Mihayo alikuwa Mnyamwezi wa kijiji cha Ntalikwa, mtoto pekee wa mama yake. Alianza kuja bandani kwangu akiwa na kaptula ya shule, akaendelea mpaka ana ndevu na bodaboda yake. Kwenye gemu ya mpira ya ile mashine ya kijivu kulikuwa na sehemu ya kujitengenezea mchezaji. Unachagua pua, unachagua nywele, basi, hakuna kingine cha maana. Mihayo alijitengeneza mwenyewe. Ilimchukua wiki nzima, kila siku anabadilisha kidogo, wenzake wanamzomea, "Wewe, hata ukibadilisha pua, sura ni ileile!" Alipomaliza, yule mtu alikuwa na uso kama tofali la kuchoma lililochorwa macho. Tukamhifadhi kwenye kikadi cha kumbukumbu cha mashine.

Sasa mwone akikimbia. Anashuka upande wa kushoto, anasimamisha mpira, anajizungusha mara mbili kama mbwa anayetafuta pa kulala, halafu anampa mwenzake afunge. Yeye hafungi. Na Mihayo mwenyewe, kabla ya kukaa kwenye benchi, alikuwa anajizungusha hivyohivyo. Mtu akiingia bandani amechelewa, hajaona nani kashika padi, anatazama kioo tu anasema, "Aa, Mihayo yupo."

Aliugua siku nne, akafa.

Hapa lazima niwaeleze utani, maana wengine mmezaliwa na simu mkononi. Baba yangu ni Mgogo. Zamani Wanyamwezi walikuwa wanabeba mizigo kutoka huku Tabora mpaka pwani, na njia ilipita kwetu Ugogo, nchi ya kiu. Babu zetu wakawatoza hongo, yaani ushuru wa njia, ili wanywe maji. Wakatukanana miaka na miaka pale kisimani mpaka tukawa watani. Mnyamwezi akifiwa, mimi Mgogo nina kazi. Naingia matangani natukana, naiga marehemu alivyokuwa anatembea, navaa kofia yake, naamrisha watu wale chakula. Wafiwa wakicheka, kazi imefanyika. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Basi siku ya tatu ya matanga nikapakia mashine ya kijivu na TV kwenye bajaji, mpaka Ntalikwa. Nikaingia uani kwa Mama Mihayo na kelele zangu. "Nyie Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani hawakulia, leo mmebeba kijana mmoja mwembamba mpaka hapo makaburini tu, mmeishiwa pumzi?"

"Mgogo mchafu huyo amefika!" akadakia mjomba wa marehemu. "Fungeni mitungi ya maji, atatutoza!"

Nikawasha mashine, nikamtoa Mihayo kwenye kikadi, nikacheza alivyokuwa anacheza. Kushoto, simama, zunguka, zunguka, toa pasi. Mama Mihayo alikuwa hajala siku tatu. Alipoona vile akapiga kofi la paja. "Ndiye! Mwoneni! Goli liko wazi anatoa pasi! Mihayo, piga mwenyewe, mwanangu!" Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka, akalia, halafu akaomba uji.

Ningeishia hapo, nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Kosa langu lilikuwa la kujionyesha, naliungama. Wakati ule banda jipya lilikuwa limefunguliwa karibu na sokoni, na wateja wangu walikuwa wanahama. Mimi nami nikaleta mashine mpya yenye nguvu. Nikafikiri, arobaini ya Mihayo watu wote watakuwepo. Nikiwaonyesha Mihayo kwa mashine hii, uso wake kabisa, nani atakwenda tena sokoni? Nikamwita Zuhura, fundi wa simu aliyekuwa jirani yangu, mwanamke mwenye akili za mashine. Akachukua picha ya Mihayo ya leseni, akaiingiza, mashine ikamvika mchezaji wake mmoja ule uso. Kovu la nyusi lilikuwepo. Hata jino lililopishana lilikuwepo.

Zuhura akaitazama kazi yake, akanigeukia. "Mzee, mama mwenyewe umemuuliza?"

"Mtani haombi ruhusa."

"Mtani haombi ruhusa anapochekesha. Hii inachekesha wapi?"

Nikamwambia afunge nyaya, twende.

Misa ya arobaini ilisomwa asubuhi, watu wakala, mchana nikafunga TV kubwa sebuleni. Jua lilikuwa kali nje, mlango wazi. Nikawasha. Akatokea Mihayo peke yake kwenye uwanja wa mazoezi, ametutazama.

Hapakuwa na aliyecheka. Nikajaribu kucheza kama yeye, lakini mashine hizi zina miendo mingi, vidole vyangu vya uzee vikashindwa kumzungusha. Alikuwa anakimbia kama mchezaji wa Ulaya mwenye uso wa Mihayo. Nikaona aibu, nikaiweka padi chini nitoe utani wa maneno. Na hapo ndipo ilipotokea.

Ile mashine ya kijivu ukiacha padi, mtu anasimama kama kigingi. Hizi mpya haziachi mtu asimame bure. Mihayo akapandisha mabega, akayashusha. Akapandisha tena. Akafuta paji la uso. Akatazama viatu vyake. Akatazama kushoto, upande ulikokuwa mlango.

"Anapumua," akasema Mama Mihayo.

Nje mbuzi alikuwa anakohoa, namsikia mpaka leo.

"Mtani, zima hicho kitu," akaniambia mjomba, na safari hii haukuwa utani.

Nikanyoosha mkono. Mama Mihayo akanikamata kifundo. Mwanamke wa jembe yule, vidole vyake viliniachia alama. "Nimeshamzika mara moja. Unataka nimzike tena, na wewe ndiye umemleta?"

Hatukuizima.

Siku ya kwanza nilidhani atachoka. Siku ya pili akahamishia mkeka sebuleni. Siku ya tatu nikasikia ameweka kigoda mbele ya TV, kwa kuwa kijana amesimama muda mrefu. Karanga zake zilikuwa zimeiva shambani, yeye hazichimbi. Majirani wakaanza kupitia mlango wa uani, kwa sababu ukipitia mbele unamwona marehemu dirishani, mchana kweupe, anakutazama na anapumua. Na umeme, wanangu, umeme wa kwetu mnaujua. Siku hizo zote Ntalikwa haukukatika hata mara moja. Watu walikuwa wanausubiri ukatike kama wanavyosubiri mvua. Haukukatika.

Siku ya tano nikaenda kukaa naye. Nilijiambia kama Bwana Jetha, mikono nyuma, nitazame kwanza. Nikahesabu. Miendo ni minne tu: anapumua, anafuta paji, anatazama viatu, anatazama mlango. Inazunguka, inarudi. Nikamwambia, "Mama Mihayo, tazama vizuri. Ni kama saa ya ukutani. Minne tu, hakuna zaidi."

"Ukiwepo wewe," akanijibu. "Nikiwa peke yangu anafanya na wa tano. Anajikuna nyuma ya sikio kwa kidole gumba."

Mihayo alikuwa akitaka kukukopa kitu au kukudanganya, anajikuna hivyo. Kila mtu bandani alijua. Lakini Zuhura hakujua, hakuwa mtu wa gemu, na kwenye picha ya leseni hakuna mtu anayejikuna.

Nikakaa mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye kisima. Minne, minne, minne. Nikainuka niende zangu, nikafika mlangoni, nikageuka kuaga. Sitaki kuwadanganya. Niliona gumba nyuma ya sikio, au niliona nilichoambiwa nione. Nilipomweleza Zuhura akasema waliotengeneza gemu huwa wanaficha mwendo mmoja unaotokea mara chache, ili mtu asichoke kutazama. Huenda. Lakini nilitoka pale nikitembea haraka, na mimi goti langu moja halikunjiki.

Siku ya nane akaniita mwenyewe. Nilimkuta amekonda, shingo imebaki mishipa. Akasema, "Mtani, mtoe."

"Nizime?"

"Sijasema uzime. Nimesema umtoe. Ana siku nane anatazama mlango. Umemwingiza wewe, mtoe wewe."

Nikashika padi. Nikampeleka Mihayo pembeni ya uwanja, atoke. Alipofika kwenye mstari miguu ikaendelea kutembea, mwili haukusogea. Mbele yake hapakuwa na ukuta wala uzio, ni hewa tu, na yeye anatembea palepale, uso hauna habari. Nikajaribu kona zote nne. Mashine hizi zimefungwa vizuri, wanangu, hakuna mahali palipoachwa wazi. Mama Mihayo akafunika mdomo kwa khanga. "Wamemfungia," akasema.

Nilirudi Kanyenye sikupata usingizi. Nilichokuwa nahofia ni kimoja tu: mama yule afe kwenye ule mkeka, kwa utani wangu. Nikawa naipitia mashine ya kijivu kichwani, na kasoro zake zote ninavyozijua, ndipo nikakumbuka Ujiji.

Kwenye gemu ile ya zamani, kona ya kushoto, mabango hayakushikana vizuri. Ukimkimbiza mtu ubavu ubavu pale anapenya. Anatokea nyuma ya uwanja, kwenye ukijivu mtupu ambao hakuna aliyeuchora, na anaendelea kwenda, anakuwa mdogo, mpaka mashine inashindwa kumchora. Hawezi kurudi. Kupenya huko vijana walikuita kwenda Ujiji, kama wapagazi wa zamani waliopita hapa wakielekea magharibi. Ilikuwa kasoro, na mimi niliwagombeza wakiifanya, wanaharibu mechi.

Asubuhi nikapakia ile ya kijivu. Zuhura akaja nami. Nikaichomeka kwenye ile TV kubwa kwa nyaya zake tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu, lakini mashine mpya sikuizima. Nilihamisha kioo tu, kionyeshe ya kijivu. Taa yake ya mbele iliendelea kuwaka pale chini, na feni yake inavuma, kwa hiyo sote tulijua yule mtu bado yumo, anapumua, ila hatumwoni.

Akatokea Mihayo wa tofali. Mama Mihayo akakunja uso.

"Huyu hana sura."

"Hana," nikasema. "Sura ile tumemvika sisi, mimi na Zuhura, kwa picha ya leseni, saa moja tu. Huyu alijitengeneza mwenyewe wiki nzima, na hiyo pua mbaya aliichagua yeye. Wanyamwezi hamjui kuchagua pua, ndiyo maana mnazo hizo."

Hakucheka. Lakini alisogea. Nikaweka padi mikononi mwake, nikamwonyesha kitufe kimoja tu cha kwenda. Alikuwa hajawahi kushika. Mtu wa kioo akaenda mbele, akasimama, na kwa sababu mama alikosea akabonyeza huku na huku, Mihayo akajizungusha mara mbili.

Mama Mihayo akavuta pumzi. Nikaweka kidole changu juu ya chake, tukamshusha upande wa kushoto mpaka kwenye kona. Akagonga bango. "Ubavu," nikamwambia. "Mpeleke ubavu." Akagonga tena. Mara ya tatu akapenya.

Nikatoa mkono wangu. Ilikuwa kazi yake.

Alimpeleka pole pole, kwenye ule ukijivu, mgongo wake wenye namba umetugeukia. Feni ya mashine nyingine ilikuwa inavuma sakafuni. Zuhura alikuwa ameshika nguzo ya mlango. Mihayo akawa kama punje ya mtama, akawa kama mdudu, na mama bado amebonyeza, midomo inatembea, anamwambia maneno ya Kinyamwezi ambayo mimi Mgogo sikupaswa kuyasikia. Halafu kioo kikawa kijivu chote. Akaendelea kubonyeza muda mrefu baada ya hapo.

Kwa hiyo mkiniuliza habari za nguvu za mashine, mimi nakumbuka kona ile. Waliotengeneza mpya wangeiona wangeiziba, na wangesema wameboresha, na kwa mpira ni kweli wameboresha.

Mama Mihayo akaiweka padi juu ya kigoda. Akainuka kwa kujishika kiuno, akainama mbele ya mashine mpya, akaitazama ile taa. Mimi na Zuhura hatukusogea. Akatafuta kitufe kwa kidole gumba, akakishikilia mpaka feni ikanyamaza.

"Huyu sikumzaa mimi," akasema.

Akaokota jembe nyuma ya mlango, akatoka kwenda kwenye karanga zake, akatuacha sebuleni tunakunja nyaya.